Mgeni amekula maua ya ofisi

Jamani, leo mgeni amekula maua ya ofisi ya binti yangu Keji. Amekula!

Keji iko na ofisi ya tiketi za ndege hapa Kator, Juba. Maua yote anaweka pale inakufa, maji anasahau. Akaniambia, "Mama, nitafutie ile haitaki kazi."

Mimi nikatoa rijila kwa shamba yangu. Ni mboga, ndiyo, najua. Lakini haifi! Ng'oa, tupa juu ya jiwe, bado inachipuka. Nikapanda kwa madebe, nikapaka rangi, ikapendeza kama ya hoteli.

Leo nikiwa pale, akakuja mzee mkubwa, anatafuta mtu wa kukatia wafanyakazi wake wote tiketi. Keji anataka hiyo kazi sana. Hata amevaa viatu ile inamuumiza.

Mzee anaangalia madebe. Anaangalia tu.

"Mama, hii si rijila?" mzee ananiuliza.

Keji akanikata jicho. Nikasema, "Hapana, baba. Ni maua ya ofisi."

Akachuma jani, akatafuna. "Haya maua ya ofisi nimekula tangu nikiwa mtoto. Dakwa, ile karanga ya kusaga, iko?"

Sasa ningefanya nini? Jiko iko nyuma. Nikapika.

Mzee amekula, amelamba vidole, kazi yote amempa Keji. Kalas, imeisha!

Madebe imebaki udongo tu. Keji ndiye anaandika hii, na hataki kucheka.

Nisaidieni basi. Mmea gani haifi bila maji, na mtu wa Juba hawezi kupika?