Nyumba Bora Isiyo na Moshi

Mwaka ule chuo kilinitunukia zawadi ya mwanafunzi bora wa usanifu majengo. Nilikuwa nimechora nyumba ya kijiji cha Ujamaa: paa la bati, madirisha makubwa, na jiko limejitenga nje, maana moshi, niliandika kwa mbwembwe, ni alama ya unyonge. Waamuzi watatu, suruali zimenyooshwa kwa pasi, wakasifu hadi mate yakawakauka. Nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupuliza kuni. Na mimi je? Mtoto wa fundi cherehani wa Tabora mjini, mtama niliujua ukiwa ugali. Mjinga akishapigiwa makofi, hana dawa.

Zikajengwa nyumba tatu za mfano karibu na Puge. Moja akapewa shangazi yangu, aliyeolewa huko. Akahama nyumba yake ya udongo, ambamo alipika mlemle ndani na kutundika masuke ya mtama wa mbegu juu ya meko. Moshi ule niliouita unyonge ndio uliofukuza wadudu miaka yote. Vitabu vyetu havikulisema hilo, na sisi wasomi tungemuulizaje mwanamke asiyejua kusoma?

Nilikwenda kumtembelea mvua za kupandia zikikaribia. Cheti nilikibeba kwenye bahasha, nikitamani akione.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye nyumba yako."

Masuke yalining'inia chumbani, hayana hata chembe ya masizi. Nilishika moja, likanimwagikia unga mkononi. Fukusi walikuwa wamemaliza yote, mbegu ya msimu mzima. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Laiti angenitukana!

Hakunitukana. Alichukua ungo, akaniambia nimsindikize kwa jirani yake wa zamani, ambaye hakubahatika kupata nyumba ya mfano. Tulimkuta anapika, macho yanamtoka machozi kwa moshi, na juu ya kichwa chake masuke meusi tititi, mazima. Akamjazia shangazi ungo bila kuuliza kitu.

Shangazi alipiga goti kushukuru. Kisha akanishika bega, akanisogeza mbele.

"Huyu ndiye mwanetu aliyepewa zawadi," alisema, uso umemng'aa. "Ndiye aliyenichorea nyumba."