Goti la Klaudia na Adabu ya Mama Mkwe

Klaudia wa Buganguzi alikuwa bingwa wa kupiga magoti. Kwetu Wahaya mwanamke humsalimia mkubwa wake akiwa magotini, lakini yeye alizidisha. Alimpigia magoti mama mkwe, katibu wa kijiji, hata mbuzi wa katibu. Mwaka ule tulipoingizwa katika kijiji cha ujamaa, wakubwa wakawa wengi kuliko migomba, na baina ya salamu alipalilia shamba kwa magoti hayo hayo.

Basi goti la kulia likavimba. Usinibishie, nilimwona kuku akijaribu kulilalia.

Mama mkwe wake, Immakulata, hakuona goti, aliona kiburi. "Ananisalimia amesimama kama nguzo! Rugemalira mwanangu, asiponipigia magoti Jumapili, mkeo arudi kwao Izigo."

Rugemalira, aliyemwogopa mama yake kuliko chui, akampakia mkewe kwenye baiskeli hadi zahanati. Nesi Mastura, mtoto wa Bukoba mjini, akalibonyeza goti.

"Hapa mbele pana kifuko cha majimaji, kama kigodoro, mfupa usisuguane na ngozi. Umekisugua mpaka kimekasirika. Pumzika, weka kitambaa cha maji baridi, na magoti basi mpaka uvimbe uishe. Asikutoboe mtu kwa sindano ya moto! Likiwa jekundu, au ukipata homa, njoo mbio."

"Hata kwa mama mkwe nisipige?"

"Hata kwa askofu."

Jumapili baada ya misa, Immakulata akaketi mlangoni akisubiri. Klaudia akaja, akasimama.

"Waitu mama," akasema kwa heshima ya Kihaya, "nesi amekataza."

"Nesi gani anakataza adabu? Lete hilo goti!"

Macho ya Immakulata yalikuwa hafifu. Akainama, hakuona. Mwisho akapiga magoti kabisa, pua nusura iguse uvimbe. "Mh! Kumbe ni kweli." Akataka kuinuka, magoti yake yakagoma.

Hapo tukatokea sisi tuliokuwa tukitoka kanisani. Katibu Byabato akavua kofia. "Immakulata! Siku hizi unamwamkia mkweo?"

Klaudia, mtundu yule, akamgusa bibi kichwani, kama mkubwa anayepokea salamu. "Nimepokea, mwanangu. Inuka."

Tukacheka hadi migomba ikaangusha majani. Immakulata akapiga hesabu: akimfukuza Klaudia, Muleba nzima itauliza sababu, na sababu itasimuliwa. Akaushika mkono wa mkwewe, akajivuta juu, akapaza sauti:

"Kwangu ni ujamaa! Mpaka goti hilo lipone, tunasalimiana tumesimama, wote sawa. Katibu, unacheka nini? Andika!"