Chupa za Dirishani

Mimi sinywi mvinyo na sijawahi kuuonja, kwa hiyo mtu asije kuniuliza habari za ladha. Ninachojua ni watu wanaoununua. Duka langu la magodoro limepakana na duka la mvinyo la Karwitha hapa Isiolo, huu mwaka wa saba, na ukuta ulio kati yetu ni wa mbao. Yote anayowaambia wateja wake nimeyasikia, mengine mara mia.

Karwitha ni Mmeru, mjane wa makamo, mama wa kijana mmoja aitwaye Mworia. Kabla ya kufungua duka alihudumu miaka kumi na miwili katika kambi moja ya watalii ng'ambo ya mto, akiwamiminia wageni mvinyo na kusikiliza wanavyoubishania. Alitoka huko na akiba kidogo na imani moja: kwamba mvinyo mzuri wa huku kwetu, wa Dodoma au wa Naivasha, unaushinda mvinyo wa kawaida uliopanda meli. "Ukinunua ya mbali," huwaambia, "nusu ya pesa yako ni nauli." Kizuri chajiuza, lakini Karwitha hakukiachia kazi yote peke yake.

Mteja akiingia haulizwi ana pesa ngapi. Huulizwa, "Mtakula nini?" Akisema mbuzi, anapewa mwekundu wa Dodoma. Akisema samaki, Karwitha hucheka kwanza, maana samaki wa Isiolo ni wa kutafutwa, kisha humpa mweupe wa Naivasha. Anayetaka chupa ya kutamba nayo mbele ya marafiki hubembelezwa mpaka atoke na ya nusu bei, tena akishukuru. Mimi magodoro siuzi hivyo.

Chumba cha nyuma alikijengea kuta za waya zilizojazwa makaa, akawa anayamwagia maji asubuhi na jioni ili chumba kibaki na ubaridi. Ufundi huo aliuiga kwa akina mama wa maziwa ya ngamia. Jua letu, alisema, huupika mvinyo ndani ya chupa. Ndiyo sababu dirishani aliweka chupa mbili tu, za Ufaransa, zenye karatasi ya rangi ya dhahabu, alizopewa kambini siku ya kuagwa. Zilikuwa za kuvuta macho. Aliyezitaka alikataliwa wazi.

Mmoja aliyekataliwa ni Mwendwa, daktari wa mifugo wa serikali anayekaa mtaa wa Kiwanjani. Mwaka aliostaafu alizitaka zote mbili kwa karamu yake, na pesa alikuwa nazo mkononi. "Hizo zimekufa na jua, Daktari," Karwitha akamwambia. "Chukua ya Dodoma." Akachukua. Tangu siku hiyo alirudi kila Ijumaa kuchukua chupa mbili, na sikumsikia akilalamika.

Mwaka huu Mworia akapendana na Kawira, binti wa Mwendwa huyo huyo, na ikabidi waende kuposa. Kwa desturi yao, upande wa mwanamume huleta kondoo jike, kifungo cha miraa ya heshima na pombe ya asali. Wazee wa mjini siku hizi wanakubali mvinyo mahali pa pombe ya asali, na baba wa msichana asipokunywa, mazungumzo hayafunguliwi. Upande wa mjane huwa mwembamba: walikuwepo Karwitha, Mworia, na Rimberia, ndugu wa marehemu mume wa Karwitha, wa kuwasemea. Mimi nikaongezwa kwa sababu nilimchagua kondoo na nina pikapu.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa namfunga kondoo nyuma ya gari Karwitha alipotoka na kikapu. Nikatazama dirishani. Palikuwa patupu.

"Mama Mworia, si hizo zimekufa na jua?"

"Jua ya hapo ni ya asubuhi tu," akasema bila kuniangalia. Kisha akashusha sauti. "Baba Noor, wajomba wa msichana wanatoka Maua na Meru mjini. Ile ya Dodoma kila mtu anajua bei yake, ni mimi nimeimba hiyo bei. Watasema mama wa pombe ameleta ya bei rahisi juu kijana hana baba. Hizi hawataonja sana. Watasoma karatasi."

Mganga hajigangi. Ningeweza kumwambia hivyo, lakini nilinyamaza, na mpaka leo sijui kama ilikuwa adabu au uoga.

Kwa Mwendwa tuliwakuta wajomba wanne wameketi. Mimi nilipewa kiti karibu na mlango pamoja na soda yangu, na kwa ajili yangu wakazungumza Kiswahili. Mwendwa alimfungua kondoo mdomo, akamtazama meno, akanipa mkono. Miraa nayo ikapokelewa. Ndipo Rimberia akasimama na zile chupa, akasema zimetoka Ufaransa, akazisifu kana kwamba yeye ndiye aliyepanda mizabibu. Wajomba wakapokezana moja, wakaisoma karatasi na kutikisa vichwa kwa kuridhika.

Ilipomfikia Mwendwa, hakuisoma. Aliigeuza. Upande mmoja wa karatasi ulikuwa wa dhahabu, na upande wa pili, ule uliokuwa ukitazama barabara, ulikuwa umepauka.

"Mama Mworia," akasema, "hii sio ile ilikuwa kwa dirisha?"

Karwitha akakivuta kikapu kitupu karibu na miguu yake.

"Nikistaafu nilitaka kununua hii. Ukaniambia imekufa. Nikakuamini. Kila Ijumaa mimi nakuja kwako nakuamini. Leo umekuja kuniomba mtoto, na umeniletea ile ulinikataza." Aliiweka mezani taratibu. "Ama ile ya Dodoma ndio mbaya, na mimi nimekuwa mjinga hii miaka yote?"

Rimberia akafungua mdomo, nadhani kutafuta methali. Karwitha akamshika mkono na kumketisha. Mworia alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ya Dodoma ni nzuri, Daktari," Karwitha akasema. "Niliogopa. Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya bei. Na ya kuja kwa hii nyumba bila mzee wangu."

Nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu afungue duka, na sikuwa nimewahi kumsikia akimtaja marehemu mumewe mbele ya watu. Nilimhurumia mpaka soda ikanishinda.

Mjomba mmoja, Mutwiri, mwalimu kutoka Maua, akavaa kofia yake. "Basi warudi mwezi ujao," akasema, "wakiwa na kitu ya maana." Kawira alikuwa mlangoni mwa jikoni, na niliona alivyoikaza leso mkononi mwake. Kurudi mwezi ujao kwa namna ile ni kufukuzwa kwa heshima, na kila aliyekuwa pale alijua.

 Mwendwa akamgeukia Karwitha.

"Mama Mworia," akasema, "leo hapa tunakula mbuzi. Ya kuchemsha, na mukimo."

 Karwitha alichelewa kidogo kuelewa. Hakuwa amemwuliza lile swali lake la dukani, ila jibu lilikuwa limetolewa. Akasimama, akajifunga kitambaa cha kichwa vizuri. "Baba Noor, washa gari."

Dukani aliingia moja kwa moja chumba cha nyuma. Makaa yalikuwa bado na unyevu wa asubuhi. Alizigusa chupa za Dodoma kwa kiganja moja baada ya nyingine, akachagua sita, akazipanga kikapuni. Kisha akaanza kubandua kibandiko cha bei kwa ukucha. Kibandiko kilikuwa kimetoka nusu alipoacha. Alikirudisha, akakikandamiza kwa kidole gumba, akasema twende.

Tulipofika, kofia ya Mutwiri ilikuwa imerudi mezani. Mwendwa alifungua chupa mwenyewe, akajimiminia, akanusa jinsi Karwitha alivyomfundisha. Chupa aliiweka katikati ya meza, kibandiko kikiwatazama wajomba: shilingi elfu moja na mia moja.

"Jana ilikuwa elfu moja," akasema.

"Imepanda, Daktari," Karwitha akajibu. "Mafuta."

Mwendwa akanywa. Akashusha glasi, akajifuta masharubu, akamwambia Rimberia, "Sasa mmefika. Semeni kilichowaleta."