Mabakuli ya Wachumaji Karafuu

Kama una cheko lako, licheke sasa tumalize. Hili limenikuta mwenyewe, mchana kweupe, sina homa wala sijalala, na mpaka leo nikilisema nywele zinanisimama.

Macho ya mama yangu yalikuwa yanazimika. Moja lilikwisha kufa, la pili linafuata, na daktari keshasema hana la kufanya. Mama akaniomba kitu kimoja tu: kabla hajapofuka, nimpeleke akalione kaburi la babake. Babu alitoka Unyamwezi, akavuka bahari kuja kisiwani kwetu kulima muhogo na kuchuma karafuu huko ndani, njia ya Kizimbani. Yeye na wenzake walizikwa palepale, pembeni mwa shamba. Nikamuuliza mama, kaburi lenyewe tutalijuaje? Akanambia akifika atalijua. Nami, mtu wa mjini, wa mtaa wa Amani, na haraka zangu, sikuuliza zaidi.

Siku moja kabla nikatangulia kufyeka. Lo, pori tupu! Na juu ya kila tuta la kaburi limefudikizwa, kifudifudi, bakuli la bati, lina kutu, limetobolewa tundu katikati. Sisi makaburini kwetu hatuweki vyombo, au nasema uongo? Nikaona takataka. Nikayazoa yote nikayatia guniani, nami najisifu kwa usafi.

Jua la utosi, nageuka hivi, namwona mzee kasimama kando ya gunia. Mkononi ana kingoe, kile kijiti cha kuvutia matawi ya mkarafuu. Hatua zake sikuzisikia, wallahi. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akasema taratibu, kwa lafudhi ya bara:

"Hayo mabakuli ndiyo majina yetu. Mtu hulala na chombo alicholia. Sasa nani atamjua nani?"

Moyo ulinipasuka. Kesho mama anakuja na jicho lake moja, na mimi nshamfutia babake! Nikamwomba yule mzee anisaidie, nakaribia kulia. Akafungua gunia. Anatoa bakuli, anataja jina, ananyoosha kingoe, nami mbio kulirudisha. Niamini, nilikimbia kama mtoto siku ya Idi, hofu sina, furaha tupu. Likabaki moja, la maua mekundu. Hilo akalipeleka mwenyewe, akaliweka chini ya mkarafuu mkavu. Nikainama kulitengeneza likae sawa. Kuinuka, hapana mtu. Na majani aliyoyakanyaga yamesimama vilevile, hata moja halijalala.

Kesho yake mama akawasalimia wafu, akapita kaburi kwa kaburi, anaikurubisha sura yake kwenye kila bakuli. Alipofika kwenye la maua mekundu akalishika kwa mikono miwili.

"Tulikuwa tukila pamoja humu, mimi na baba."

Alilia, nami nikalia. Njiani nikamweleza yule mzee alivyokuwa. Akaniuliza kama alikuwa akichechemea. Alikuwa akichechemea.

Sasa mama haoni kabisa, lakini kila Ijumaa nampeleka, na akishuka garini hataki nimshike mkono. Mimi kule nikisikia jani limecheza nageuka, na tangu siku ile sijamwona tena.

Basi nawe, ukitumwa kusafisha makaburi ya watu waliotoka mbali, usiokote kitu hujauliza. Mimi nilipata wa kunirudishia. Wewe nani kakwambia utampata?