Ndoo Yenye Mfuniko

Mama yangu husema ningezaliwa mwanaume ningekuwa mgambo. Sikatai. Tangu utotoni, nikiona sukari imepungua kwenye kopo, nilikuwa naangalia kwanza midomo ya watu. Kwa hiyo kipupwe kile maziwa ya asubuhi yalipoanza kupungua, sikujisumbua kufikiria magonjwa wala majani. Nilijiuliza swali moja tu: nani?

Nilikuwa nimerudi nyumbani, milimani juu ya Uyole, baada ya mama kuteleza kwenye tope la mlangoni na kuvunjika mkono wa kulia. Mjini Mbeya, pale Soweto, nilikuwa na kibanda cha fotokopi, na mashine ilikuwa imeshakufa wiki kadhaa kabla mama hajaanguka. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, na zizi nililokimbilia mimi lilikuwa na ng'ombe kweli: mmoja wa maziwa, mwenye pembe moja, mtamba wake ambaye hajazaa, na ndama.

Nyumbani nilimkuta wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na kila baada ya miezi kadhaa alirudi na vumbi masikioni na ahadi mdomoni. Mkewe alikuwa Msukuma wa Usangu. Wazazi wake waliteremka kule bondeni na ng'ombe zao kabla yeye hajazaliwa, ng'ombe wengi kiasi kwamba mgeni akijaribu kuwahesabu anachoka. Na sisi hapa tunamlisha ng'ombe mmoja wa maziwa kwa mkono kama mgonjwa. Niliamini moyoni anatucheka. Hakuwa msemaji, na mimi mtu mkimya simwamini hata akiwa amelala.

Mama, mkono ukiwa shingoni kwenye kitambaa, alitugawia kazi. Asubuhi nikamue mimi, maana wifi alikuwa anashuka bondeni kukata majani, na kipupwe majani mabichi yako mbali. Jioni akamue yeye.

Baridi ya kwetu ya Juni na Julai haina adabu. Ukitoka nje alfajiri nyasi ni nyeupe, ukizikanyaga zinavunjika kama maganda ya karanga. Bomba linatoa uzi wa maji. Nilikuwa navaa sweta mbili na koti la mitumba la mwanaume, na juu ya yote najifunga kitenge. Ng'ombe naye tulimfunga gunia mgongoni. Kila asubuhi nilichota maji bombani, nikamwosha kiwele, nikachuchumaa, nikakamua huku pua inachuruzika.

Mfugaji yeyote anajua maziwa ya asubuhi hushinda ya jioni, kwa sababu usiku ni mrefu. Mei, kabla baridi haijakaza, nilikuwa napata lita nane. Juni zikawa sita, halafu tano, halafu nne. Jioni wifi anakuja na saba, anaweka ndoo mezani. Nikamwangalia ndama, kamba yake ilikuwa imefungwa vizuri, na upande wa pili wa banda. Basi mwizi alikuwa na miguu miwili.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kukusanya ushahidi.

Kwanza, malapa yake. Kila nilipoamka niliyakuta mlangoni yamelowa umande, na yana mbolea ya bandani. Alikuwa ameshaingia humo kabla yangu. Kufanya nini, wakati wa kukamua ni mimi?

Pili, chai. Mama alimwekea kila mtu kikombe kimoja cha maziwa. Wifi alikunywa chai ya rangi. Mtu anayekunywa chai ya rangi katika nyumba yenye maziwa, nilijiambia, amekwisha kushiba mahali pengine.

Tatu, nyuma ya mlango wake kulikuwa na kibuyu kidogo kimening'inia. Siku moja alipokwenda kwenye majani niliingia, nikakinusa. Kilinuka maziwa yaliyolala. Nilikirudisha kwenye msumari wake kwa uangalifu, nikatoka nikiwa na furaha, na leo furaha ile naionea aibu kuliko mengine yote.

Kilichobaki ni kumwona kwa macho. Alfajiri moja niliamka mapema, nikasimama dirishani na blanketi kichwani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye bati la banda. Nikamwona. Alikuwa ameinama, amebeba ndoo yenye mfuniko, na pembeni mwa mfuniko mvuke ulikuwa unatoka. Maziwa yakitoka tu kwenye kiwele asubuhi ya baridi hufuka hivyo hivyo. Katika ukungu ule sikuona vizuri kama anaingia bandani au anatoka. Nikaamua anatoka.

Nilipokamua nikapata lita tatu na nusu.

Sikumwambia mama. Nilijua atamtetea, alikuwa anampenda kwa namna iliyonichoma. Asubuhi wifi akimvalisha sweta juu ya mkono ule mbovu, mama anasema, "Ndaga, mwanangu," na yeye anajibu, "Wabeja, mama," kila mmoja anashukuru kwa lugha ya kwao, wanacheka. Mimi niliyetoka tumbo lile nilikuwa nasimama pembeni na sufuria.

Nikapanda kilima cha nyuma ambako mtandao unashika, nikampigia mdogo wangu. Nilijua ninachofanya. Kwetu mke akitajwa wizi hata mara moja, anaweza kuishi pale miaka thelathini akazaa na kuzika, bado watu watafunga kabati akipita. Hilo nilijua, na bado nilisema.

"Una uhakika, dada?" aliuliza. Nyuma yake nilisikia mashine za kusaga mawe.

"Nimemwona kwa macho yangu."

Akasogea mbali na mashine. Halafu akasema, "Basi arudi kwao kwanza. Mpaka nije."

Jioni ile ile akampigia mkewe. Kesho yake wifi alimwambia mama kwamba baba yake anaumwa, anakwenda kumwona. Mama akamfungia viazi na kumwombea safari njema. Mlangoni wifi aliniangalia mara moja tu, akasema, "Baki salama, wifi." Hakulia wala hakuniuliza kitu. Nami nikasema moyoni: umeona, hata kukana hawezi.

Sasa nikawa nakamua asubuhi na jioni. Nilisubiri maziwa ya asubuhi yapande. Siku ya kwanza lita tatu na nusu. Siku ya pili tatu. Jioni, zile lita saba za wifi zikawa nne. Siku ya tatu ng'ombe alinipiga teke, ndoo ikamwagika, na maji kwenye hori lake yalikuwa vilevile kama nilivyoyaweka jana, yana ngozi nyembamba ya barafu juu.

Niliingia jikoni nikiwa na hasira. Mama alikuwa amekaa karibu na jiko la mkaa.

"Ng'ombe wako hanywi maji," nikamwambia.

"Umeyapasha?"

"Nipashe maji ya ng'ombe?"

Mama akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama watu hula. "Kipupwe hiki yule hanywi maji baridi hata umpige. Mwenzako alikuwa anampasha kila alfajiri, anatia pumba na chumvi kidogo, anampelekea. Mimi ndo nilimwambia asikuamshe. Nilisema, huyu ametoka mjini, mwache alale."

Nilikaa chini kwenye kigoda.

"Kwa hiyo ile ndoo..." nikasema.

"Ndoo gani? Lete mikono." Aliishika kwa mkono wake mmoja mzima, akaigeuza. Vidole vyangu vilikuwa vyekundu, vimepasuka, viganja vinakwaruza. "Mwanangu, barafu tupu hii! Na unamwosha kwa maji ya bomba? Ungekuwa wewe ungempa mtu wa hivi titi lako?"

"Lakini jioni maziwa yalikuwa mengi, mama."

"Si yale uliyoyaacha asubuhi! Asubuhi anakuficha wewe, jioni anampa mwenzako. Mwenzako anakaa motoni kwanza, anajipaka samli, ndo anamshika."

"Samli ameitoa wapi?"

"Kikombe chake cha maziwa ya chai. Anayagandisha kwenye kibuyu, anasukasuka. Alisema maziwa yake ni yake, atayafanyia anavyotaka. Hata chuchu za ng'ombe anazipaka hiyo hiyo, baridi isizipasue."

Nililia pale pale, bila staha. Mama alidhani nalilia mikono. Ikabidi nimweleze yote, kuanzia malapa mpaka kilima cha mtandao. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Baba yake haumwi, basi," akageukia mkaa.

Kesho yake nilimwomba jirani akamue, nikashuka Usangu. Nilimkuta wifi uwanjani kwao anapepeta mchele, na mama yake mzazi amekaa pembeni. Nilipiga magoti, nikaungama yote, kibuyu nilichokinusa na dirisha nililochungulia. Wifi aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha.

"Mume wangu ulimwambia kwa simu," akasema. "Mpigie."

Nikampigia, simu nikaiweka sauti ya nje, mbele yao wote wawili. Nilimwambia mdogo wangu kwamba nilisema uongo. Alisema, "Si ulisema umeona kwa macho yako?" Nikajibu kwamba niliona ndoo, mengine niliyajaza mwenyewe. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kufunga mzigo wake. Alisema anarudi kwa sababu mama ana mkono mmoja.

Asubuhi ya kwanza aliporudi niliamka kabla yake. Nikawasha moto, nikapasha mikono yangu mpaka ikauma. Kibuyu alikuwa amekiweka mezani, wazi, katikati, karibu na sukari. Nikachovya samli nikajipaka. Asubuhi ile ng'ombe alinipa lita sita.

Imepita miaka kadhaa tangu hapo. Mkono wa mama ulipona, mdogo wangu alichoka na Chunya akarudi, watoto wao wawili wananiita shangazi. Mimi na wifi hatujawahi kugombana. Lakini kila kipupwe, alfajiri, kabla hajaenda bandani, anapita kwanza chini ya dirisha langu.

"Wifi," anaita, "naingia bandani."

Nimemwambia hakuna haja. Nimembembeleza, nimemwambia mbele ya mama. Anasema sawa, wifi, na kesho anapita tena. Na ile ndoo hajaifunika tena tangu siku ile. Anaibeba wazi katika baridi, mvuke wote unapotea njiani, na akifika kwenye hori maji yameshakuwa vuguvugu.

"Funika, wifi," namwambia dirishani. "Maji yanapoa."

"Yapoe tu, wifi," anasema, na anaiinamisha kidogo upande wangu. "Yaone."