Taa ya Kijani Imesema Mhola

Bosi wangu hakutaka kuitwa bosi. Alitaka aitwe Mkurugenzi, na ukisahau anakununia mpaka jioni. Alichokuwa anakiongoza ni vyumba viwili nyuma ya stendi ya Bariadi, na aliyekuwa anamwongoza ni mimi peke yangu, fundi wake wa elektroniki.

Tulikuwa tunatengeneza visanduku vya kufukuza tembo. Unakifunga kisanduku kwenye nguzo pembeni ya shamba, unazungushia uzi; tembo akiugusa, king'ora kinalia, taa kali zinawaka, naye anaondoka zake. Ndani kuna chipu ndogo kuliko ukucha, na chipu hiyo ikitoka dukani haijui chochote. Lazima uiandikie programu, yaani uifundishe kazi. Mimi nilikuwa naziandikia moja moja kwa laptopu yangu, najaribu, king'ora kinalia, nafunga kifuniko. Pole pole, sikatai, lakini kilichotoka mkononi mwangu kilikuwa kinalia.

Mkurugenzi akaona huo ni ushamba. Akaagiza mashine ya kiwandani, ile inayoandikia chipu nne kwa mpigo. Unaipa programu mara moja, unabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikiwaka mambo safi, nyekundu ikiwaka kuna tatizo. Mashine nzuri, siisemi vibaya. Haikuomba kuletwa kwetu.

Sasa sikia alivyoifunga. Mahali pake palikuwa mezani kwangu, kando ya visanduku. Yeye akaiweka mapokezi kwenye kabati la kioo, chini ya picha yake mwenyewe, ili wageni waione. Halafu akatoboa ukuta, akaunga waya juu ya waya mpaka chumba cha nyuma ninakofanyia kazi. Nikamwambia, "Mkurugenzi, kitabu cha mashine kinasema waya usizidi shubiri. Ukiurefusha, ujumbe unaharibika njiani."

Akanicheka mbele ya mteja. "Umeme unatoka Mtera mpaka Bariadi, utashindwa kupita ukuta?"

Na yule mteja akatikisa kichwa kukubali! Nikarudi chumba cha nyuma.

Msimu huo tulikuwa na mama mmoja wa Bukundi anayesubiri kisanduku chake. Alikuja mwenyewe kabla mtama wake haujatoa masuke. Msimu uliotangulia tembo walimlia shamba lote, akauza ng'ombe wake wa mwisho ili wajukuu wapate kula. "Sasa sina tena ng'ombe wa kuuza, ng'wanone," aliniambia. Ng'wanone ndiyo mwanangu kwa Kisukuma, kama mayu ilivyo mama. Nikamwahidi kwamba safari hii mtama ataufikisha ghalani.

Lakini kabla ya kuniambia hayo alisalimia kwanza, kama anavyosalimia mtu mwenye heshima zake. Mwangaluka. Mwangaluka, mayu. Nyumbani mhola? Mhola. Watoto mhola? Mhola. Ng'ombe mhola? Mhola duhu, na ng'ombe hana hata mmoja! Mhola ni salama, mhola duhu ni salama tu, ila si habari. Ni mlango tu wa kuingilia. Hata aliyefiwa huku kwetu anajibu mhola, kisha ndipo anakaa, anapumua, anakuambia msiba. Kila aliyelelewa Simiyu anajua hivyo. Mkurugenzi naye kalelewa huku huku, hapo Sola, lakini tangu aende Dar akarudi, Kisukuma kinamwasha mdomoni.

Basi tukawasha mashine. Nyekundu. Tukabadilisha chipu. Nyekundu zote nne. Akalaumu vumbi, akamlaumu aliyetuuzia chipu, mwisho akanilaumu mimi, eti nina mkono mzito. Nikamwomba tuitoe kwenye kabati, tuilete mezani na waya wake mfupi uliokuja nayo. Thubutu! Kabati lingebaki na nini? Sikio la kufa halisikii dawa. Akanituma Mwandoya nikabadilishe betri za wateja wa zamani, ili nimpishe.

Nilipoondoka akampigia fundi wake wa Dar. Mashine ile, ujue, ina adabu zake. Kabla ya kuandika inaiuliza chipu, wewe ni nani? Ikishaandika inasoma tena, ione kama maneno yameingia. Ndipo inawasha taa. Fundi wa Dar akamwelekeza kwenye simu jinsi ya kuzima maswali yote mawili. Kijani! Kijani kila mahali. Ni kama mzazi anayefuta mtihani ili mwanawe asifeli, kisha anachinja mbuzi kusherehekea.

Niliporudi nilikuta visanduku vimezibwa kwa gundi na vimeshasambazwa, cha mama wa Bukundi kikiwemo.

"Ulivijaribu?" nikamuuliza.

"Taa ya kijani inawaka, unajaribu nini tena? Na hicho king'ora chako kinawasumbua majirani."

Nikaenda kwenye kabati, nikarudisha yale maswali mawili, nikabonyeza. Nyekundu. Nikamwambia tuvirudishe vyote leo leo. Akasema nisimchafulie jina. Nilipiga simu ya mama, haikupatikana. Hasira zilinipanda. Nikakaa na laptopu yangu, nikaandikia kisanduku kimoja kwa waya wangu mfupi, nikakiliza mpaka majirani wakaja mlangoni, nikakitia kwenye begi. Asubuhi nitakwenda Bukundi mwenyewe, anifukuze kazi akitaka.

Asubuhi sikufika hata stendi. Nilipitia ofisini kuchukua bisibisi, nikamkuta mama ameshaingia, kikapu mkononi. Mkurugenzi alimwona mteja na simu ikatoka mfukoni.

"Mama, simama hapa karibu na mashine, tukurekodi. Shamba vipi?"

"Mhola."

"Na kifaa chetu?"

"Mhola, baba."

Akanigeukia na simu yake, meno yote nje. "Umesikia, fundi?"

Nilisikia. Nilimtazama mama akitafuta kiti, akikaa, akipumua.

"Tembo wamemaliza mtama," akasema mama. "Uzi wenu wameukata, wameingia. Hiki kilikaa kimya tu." Akakitoa kisanduku kwenye kikapu, amekifunga kwa kipande cha kanga.

Mkurugenzi, simu bado imeinuliwa, akasema labda tembo wa Bukundi wameshazoea kelele. Kelele gani, jamani? Nilibandua gundi palepale mapokezi, nikaunganisha laptopu, nikaisoma chipu.

"Imeandikwa nini?" mama akauliza.

"Hakuna kitu, mayu. Ni tupu."

"Aliyeniletea alisema taa iliwaka."

"Iliwaka kweli. Taa ya kijani ndiyo mhola ya mashine."

Akaliangalia lile kabati la kioo, na picha iliyo juu yake, akacheka kidogo. Hakikuwa kicheko cha furaha. "Sisi tukisema mhola, ng'wanone, tunaendelea kuongea."

Mkurugenzi akashusha simu. "Mayu," akasema, ndiyo mara ya kwanza nisikie Kisukuma kinywani mwake.

Nikafungua begi, nikatoa kile nilichokiandikia mwenyewe, nikavuta uzi. King'ora kikalia mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Mama akasubiri kinyamaze.

"Kinalia vizuri," akasema.

"Ni chako, mayu. Nitakuja kukufungia mwenyewe."

Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakirudisha taratibu mezani.

"Asante, ng'wanone," akasema. "Nikalinde nini?"