Kitambaa Kilichotundikwa Juu ya Meza ya Kukatia

Mtanivumilia kwa mwandiko huu. Nilisoma mpaka darasa la sita la msingi, kisha nikatoka, na tangu hapo mkono wangu umeshika sindano kuliko kalamu. Herufi zangu nyingine zinalala, nyingine zinasimama, na pengine nimeweka mbili mahali pa moja. Ninaandika polepole. Nikikosea sifuti, nakata mstari na kuendelea, maana kufuta kunatoboa karatasi.

Ninafanya kazi katika atelye ya kushona nguo huku mtaani Kamalondo. Ni chumba kimoja chenye mlango unaofungukia barabarani. Tuko watu watatu. Mwenye atelye ni mjane aliyeachiwa vyerehani na mume wake. Tunamwita Mama. Wa pili ni fundi mwanaume mwenye watoto wakubwa. Mimi namwita Yaya, kama tunavyomwita huku ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Wa tatu ni mimi, msichana nisiyesema sana.

Wakati wa marehemu, atelye ilikuwa na imani yake. Ilisemwa kwamba kukata kitambaa hakufundishwi: mtu anazaliwa na mkono wa makasi, au hana. Asiye nao alipewa vifungo, pindo na pasi ya makaa, na hapo alibaki. Yaya mwenyewe alishona suruali miaka yote, lakini koti la suti hakuligusa, kwa sababu marehemu alimwambia hana mkono wa koti. Aliniambia habari hiyo kama mtu anayetaja urefu wake.

Tena, nguo iliyoharibika ilifichwa. Fundi akikosea, alishona kiraka kwa ndani na kunyamaza. Mteja akigundua, aliambiwa kitambaa kilikuwa kibaya, kilisinyaa kwenye maji.

Mama alipoanza kuongoza hakutangaza badiliko lolote. Siku moja kazi ilikuwa nyingi, akanisukumia makasi makubwa juu ya meza. Yaya alisimamisha cherehani chake.

«Mama, huyu mutoto utamupa makasi? Makasi haiko kijiko.»

«Na weye, ulizaliwa na chereani mu tumbo?»

«Miye niko na mukono.»

«Basi na yeye atautafuta wake. Kata, mama.»

Huyo mama wa mwisho ni mimi. Huku msichana pia anaitwa hivyo, kwa upole.

Nilianza na mashati ya shule, ambayo hayana maua wala picha. Baadaye nikapewa kitenge cha mama mmoja wa kanisa, muuza unga wa mahindi. Kilikuwa kitenge cha sare ya akina mama Wakatoliki, chenye picha ya Bikira Maria ndani ya duara. Duara hilo linarudiarudia kitambaa chote. Kila fundi wa hapa anajua sheria yake: picha ikae kifuani, mgongoni, au chini kwenye sketi karibu na pindo. Isikae kamwe mahali ambapo mtu anakalia.

Nilikunja kitambaa tabaka mbili ili nikate mbele na nyuma ya sketi kwa pamoja, kama mafundi wa huku wanavyofanya kuokoa muda. Nikapanga uso wa juu vizuri. Wa chini sikuufunua. Nilipoachanisha vipande viwili, kile cha mbele kilikuwa sawa, na kwenye kile cha nyuma Bikira Maria alikuwa ananitazama akiwa hasa pale pa kukalia.

Kitenge hicho hakiuzwi sokoni. Kinagawiwa parokiani, na kilikuwa kimekwisha.

Yaya aliona kabla sijakikunja. Hakusema kwa ukali. Alisema, «Ndiyo vile nilisema. Rudia vifungo, mudogo, utakuwa na amani.» Nilijua kwamba nikirudi kwenye vifungo sitatoka tena. Katika atelye ile hakuna aliyewahi kutoka. Nikatazama begi langu lililoning'inia mlangoni.

Mama aliacha pasi akaja. Alikitandaza kile kipande mezani, akatuita sote wawili.

«Ilifika hapa namna gani?»

«Nilikosea.»

«Ile naiona. Nauliza mukono ulipita wapi.»

Nikaeleza: nilikunja, nikatazama juu, sikutazama chini. Akamgeukia Yaya.

«Na weye, unafunuaka ya chini?»

Yaya alijikuna shingo. «Miye nashonaka suruali. Suruali haina Bikira Maria.»

Mama alicheka, mimi sikucheka. Kisha akachukua misumari midogo akakitundika kipande kile ukutani, juu ya meza ya kukatia. Alisema hakitafichwa, na kwamba yeyote atakayekunja kitambaa akitazame kwanza. Sehemu mpya ya nyuma tuliikata kwenye kipande cha tatu cha kitenge, kilichobaki baada ya blauzi na sketi, ambacho mama wa kanisa angejifunga juu ya sketi. Kwa hiyo sketi ilipatikana, cha kujifunga hakikubaki.

«Kikwembe ulikata weye,» Mama aliniambia, maana huku kitenge tunakiita hivyo. «Maneno pia utasema weye.»

Mteja alikuja akiwa na unga mikononi. Nilimpa nguo, nikaanza kueleza.

«Unasemaka na viatu yako?» akasema. «Nyanyua kichwa.»

Nikanyanyua. «Mama, nilikata mubaya. Bikira Maria alikuja pa kukalia. Tukakata tena mu kile cha kujifunga. Sasa hauna cha kujifunga.»

«Eh! Ulitaka nimukalie Mama Maria? Padiri aseme tukae, bote bakae, miye nibakie wima kama nguzo ya umeme?»

Yaya alisema kutoka kwenye cherehani, «Nilibaambia, mama. Hana mukono.»

«Weye nyamaza. Suruali ya bwana yangu uliibana, mupaka leo anatembea sawa bata.»

Akapima sketi kiunoni, akaikunja. Akasema cha kujifunga alikuwa anakitaka sana na kwamba hakufurahi. Hakuniambia kwamba si kitu. Aliondoka bila kusema kama atarudi.

Baada ya hapo, vitenge vya picha Mama alivikata mwenyewe. Lakini kila asubuhi, kabla ya wateja, alinipa karatasi za mifuko ya simenti. Alichora nyuso juu yake kwa kipande cha mkaa, nami nilizikunja, nikafunua chini, nikapanga, nikakata. Zilizoharibika tulizitazama pamoja, kisha tukazitumia kuwasha moto wa pasi. Mwanzoni zilikuwa nyingi. Sikuzihesabu.

Kile kitambaa cha ukutani kilileta jambo ambalo hatukulitegemea. Akina mama waliokuja kupimwa walikiona, wakadhani Mama amekiweka kwa ajili ya sala, wakafanya ishara ya msalaba. Yaya aliwaacha. Alisubiri watoke, kisha akaniambia, «Kosa yako banaanza kuiabudu.»

Asubuhi moja niliyotangulia kufika, nilikuta chini ya cherehani cha Yaya karatasi ya simenti iliyoviringishwa ambayo si yangu. Ilikuwa imechorwa kola ya koti, upande mmoja mkubwa kuliko mwingine. Niliiviringisha tena nikairudisha.

Mama wa kanisa alirudi msimu wa mvua ulipoanza. Alikuwa na kitenge cha komunyo ya mtoto wake, chenye picha pia. Mama akanyoosha mkono kukipokea, yeye akakizuia.

«Akate ule wa siku ile.»

«Bado anajifunza,» Mama akasema.

«Najua. Ule alishakosea, sasa anatazamaka ya chini. Benye kujua habatazamake tena.»

Nilikikata mbele yake. Nilifunua chini mara nyingi mpaka Yaya akauliza kama natafuta nyoka. Picha zilikaa mahali pake. Mkono mmoja wa blauzi ulipanda kidogo kuliko mwenzake, nikamwonyesha mteja mwenyewe kabla hajauona, nikaurekebisha wakati anasubiri. Makasi hayakuondoka tena upande wangu wa meza.

Ninaandika haya kwa sababu sijui kwenye kazi nyingine wanafanyaje. Kama wewe unasomea haya karakanani, dukani au ofisini, niandikie kipande chako cha kwanza ulichoharibu kiliwekwa wapi, na nani aliketi nawe kukitazama. Andika kwa mwandiko wowote. Nitasoma polepole, na nitajibu.